Nusu Siku Zhujiajiao: Simulizi ya Safari ya Miji ya Mifereji

Jumatano: Kutoka Yiwu hadi Shanghai

Shangazi alilipia mzigo wake wa mwisho jana jioni katika soko la Yiwu, mji wa mkoa wa Zhejiang ambao wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala wanaufahamu kuliko wanavyoifahamu Beijing. Wakala wa mizigo alikwisha kututhibitishia kwamba kontena litajazwa wiki ijayo, hivyo tukabaki na siku chache kabla ya ndege ya kurudi. Kwa miaka yote ambayo Shangazi amekuwa akija China, siku za namna hiyo huzitumia kutafuta bidhaa nyingine. Safari hii alikubali tutembee tu, kwa sharti moja: tuone mahali ambapo biashara ya Wachina ilifanyikia kabla ya masoko ya ghorofa na simu za mkononi.

Sharti lake lilinirahisishia uchaguzi. Kusini mwa mdomo wa mto Yangtze, katika eneo ambalo Wachina huliita Jiangnan, ardhi ni tambarare na ya chini, na maji ya Ziwa Tai hutafuta njia nyingi ndogo za kuelekea baharini. Kwa karne nyingi wakulima wa huko walichimba mifereji ya kuyaondoa maji mashambani wakati wa mafuriko na kuyarudisha wakati wa kiangazi, na mifereji hiyohiyo ikawa barabara za kubebea mpunga, pamba na hariri. Pale mifereji miwili au mitatu ilipokutana, mashua zililazimika kupunguza mwendo, na penye mashua zilizosimama hapakosi mnunuzi. Ndivyo yalivyozaliwa masoko ambayo baadaye yakawa miji: Zhouzhuang, Tongli, Wuzhen, Xitang, Nanxun, na ule ulio karibu zaidi na Shanghai, yaani Zhujiajiao.

Treni ya mwendo kasi ilitufikisha kituo cha Hongqiao, magharibi mwa Shanghai, mchana wa leo. Nilikuwa nimechagua hoteli ya karibu na kituo hicho kwa makusudi, kwa kuwa Zhujiajiao iko upande huohuo wa jiji, na njia ya 17 ya treni ya mjini, iliyofunguliwa mwishoni mwa 2017, huanzia hapo Hongqiao na kufika hadi Zhujiajiao bila kubadilisha treni. Mtu mwenye miguu mizima hana haja ya gari. Lakini Shangazi anaumwa goti, na madaraja ya miji hii yana ngazi nyingi, kwa hiyo tuliamua kulipia ziara ya faragha ya nusu siku, yenye gari, dereva na mwongozaji wetu wenyewe. Katika kundi la watu 30 wanaofuata kibendera, mwenye goti bovu huachwa nyuma, na mwenye maswali mengi hukatizwa. Shangazi ni wote wawili.

Nilipokuwa nikiandikiana na mwongozaji nilimwomba tufike kabla ya mabasi ya watalii, na badala ya kuanzia kwenye maduka ya zawadi, atuanzishie majini. Alijibu kwamba mtu anayeomba hivyo atapaswa kuamka mapema.

Alhamisi: Zhujiajiao

Tuliondoka hotelini saa moja na nusu asubuhi. Mwongozaji wetu ni mwanamke wa makamo, mzaliwa wa wilaya ya Qingpu ambayo Zhujiajiao imo ndani yake, na tangu dakika ya kwanza alimshika Shangazi mkono kana kwamba walijuana siku nyingi. Njiani alitueleza kwamba mji huu ulikuwa soko dogo tangu zamani, lakini ulikua hasa katika enzi ya ukoo wa kifalme wa Ming (1368–1644) kwa biashara ya vitambaa vya pamba. Eneo la Songjiang, lililo jirani, lilikuwa limejifunza ufundi bora wa kutenganisha pamba na mbegu, kusokota na kufuma kutoka kwa mwanamke aitwaye Huang Daopo, aliyerejea kutoka kisiwa cha Hainan mwishoni mwa karne ya 13 akiwa na maarifa ya wafumaji wa huko. Shangazi, ambaye ameuza vitenge na khanga kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, aliomba jina hilo lirudiwe, kisha akaliandika katika daftari lake la hesabu.

Mpunga ulikuja kuongezea nguvu ya pamba. Mkulima wa Qingpu alileta mavuno yake kwa mashua, mwenye ghala alinunua, na sehemu kubwa ya mpunga wa eneo hili la kusini ilipelekwa kaskazini kama kodi ya kulisha makao ya mfalme na majeshi yake. Hata mto unaopita katikati ya mji, Caogang, umebeba katika jina lake kumbukumbu ya usafirishaji huo wa nafaka ya serikali.

Gari lilitushusha upande wa kaskazini, hatua chache kutoka daraja la Fangsheng. Nimeona picha zake mara nyingi, lakini picha hazionyeshi ukubwa wake ukilinganishwa na nyumba zilizo pembeni. Lina matao matano ya mawe, urefu wa takriban mita 70, na ndilo daraja kubwa la mawe la matao katika Shanghai yote. Lilijengwa mwaka 1571, baada ya mtawa wa Kibuddha aitwaye Xingchao kukusanya michango, na likajengwa upya mwaka 1812. Tao la katikati ndilo pana na refu kuliko yote, na mengine hupungua kuelekea kingoni, ili mashua kubwa zenye shehena zipite katikati na ndogo zipite pembeni. Mwongozaji alituonyesha jinsi nguzo zilivyo nyembamba. Udongo wa huku ni laini, na daraja zito lingedidimia, kwa hiyo mafundi walilifanya jepesi kadiri mawe yanavyoruhusu. Kutoka katika nyufa za mawe imeota miti midogo, na hakuna aliyeing'oa.

Shangazi alipanda ngazi moja moja, akipumzika kila alipotaka, na hakuna aliyemharakisha. Juu kabisa pana simba wa mawe katika pembe nne, na jiwe lililochongwa majoka manane yakiizunguka lulu. Tulikaa pale muda mrefu. Kulikuwa na wazee wawili wakifanya mazoezi ya viungo, mwanamume aliyevusha baiskeli yake kwa kuibeba begani, na wachuuzi wa kwanza waliokuwa wakipanga samaki wadogo wekundu ndani ya mifuko ya maji. Samaki hao si wa kula. Jina la daraja linahusu kuwaachilia viumbe hai, na chini yake uvuvi ulikatazwa tangu mwanzo. Mbuddha hununua samaki au kobe na kumrudisha mtoni ili ajipatie thawabu. Mwongozaji alituambia kwa upole kwamba yeye huwa hanunui, kwa sababu anayeachiliwa leo alivuliwa ili aje kuuzwa. Nilikubaliana naye, nasi tukateremka upande wa pili bila mfuko.

Mashua zilikuwa zimefungwa karibu na hapo. Nauli ni ya mashua nzima, na abiria wawili hulipa sawa na abiria sita, lakini kwa asubuhi ile ilikuwa fedha iliyotumika vizuri. Mwendesha mashua alisimama tezi, akishika kasia moja refu lililofungwa kwa kamba na kuegemezwa kwenye kijiti cha chuma, akilisukuma na kulivuta upande kwa upande bila kulitoa majini. Shangazi amezaliwa Pangani na amekulia kwenye vyombo vya baharini. Alimtazama yule bwana bila kusema neno mpaka tulipopita chini ya daraja la pili, kisha akaniambia, “Mwanangu, huyu hapigi kasia. Anafanya kama mkia wa samaki.” Nilipomtafsiria mwongozaji, naye akamtafsiria mwendesha mashua, bwana yule alicheka na kuongeza mwendo kidogo ili kutuonyesha kwamba kasia hilohilo ndilo usukani pia. Kwa ufundi huo mtu mmoja anaweza kuendesha mashua iliyojaa mpunga katika mfereji mwembamba ambamo makasia ya pembeni yangegonga kuta.

Ukiwa majini, unaelewa kwamba ule ambao sisi tungeuita uani ndio uliokuwa uso wa nyumba. Kila nyumba ina ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini, nyingine zikiwa nje ya ukuta na nyingine zimeingizwa ndani, chini ya sakafu, ili mzigo upakuliwe bila kunyeshewa. Katika kuta za mfereji kuna mawe yaliyotobolewa ya kufungia kamba za mashua, na mengi yamechongwa kwa mapambo, ingawa hayakuwa na kazi nyingine zaidi ya kushika kamba. Niliyahesabu mpaka nikachoka. Ninaamini mawe haya yanasema zaidi kuhusu utajiri wa mji kuliko nyumba za matajiri wenyewe, kwa sababu mtu hupamba kitu cha kufungia kamba pale tu anapojua kwamba wageni watafika kila siku na kukitazama. Mwanamke mmoja alikuwa akisuuza tambara la kudekia kwenye ngazi za nyumbani kwake. Alituangalia mara moja, akaendelea na kazi yake.

Tulishuka karibu na barabara ya kaskazini, Beidajie, ambayo haikuruhusu hata mkokoteni kupishana na mwingine. Paa za pande mbili zimekaribiana mpaka anga limebaki mstari mmoja, na kuta nyeupe za chokaa zina vivuli vya kijani kwa unyevu. Aliyewahi kupita katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja wakati maduka yanafunguliwa ataitambua baridi ile ya kuta na harufu ya vyakula vinavyoanza kupikwa. Nyumba nyingi hapa ni za enzi za Ming na ya ukoo uliofuata, Qing (1644–1912): duka mbele, ghala katikati, familia juu, na mfereji nyuma.

Katika duka la mizizi na dawa za mitishamba la Tong Tian He, lililoanzishwa mwaka 1878, ukuta mzima umejaa visanduku vidogo vya mbao vyenye maandishi, na mizani ya mkono bado ipo. Shangazi alinusa tangawizi kavu, mdalasini na ganda la chungwa lililokaushwa, akavitaja vyote kwa Kiswahili kabla ya kutajiwa kwa Kichina. Duka la jirani linauza mchuzi wa soya na mboga zilizochachushwa. Hilo ni Han Da Long, na linajivunia medali ambayo bidhaa zake zilipata katika maonyesho ya kimataifa ya 1915 huko San Francisco. Mitungi mikubwa ya udongo imepangwa uani, na harufu yake ni nzito kiasi kwamba tulitoka haraka kuliko heshima inavyotaka.

Kuhusu chakula ni vema nieleze wazi, kwa ajili ya wasomaji ambao, kama Shangazi, hawali nyama ya nguruwe. Kitoweo mashuhuri cha Zhujiajiao ni nyama ya nguruwe iliyofungwa kwa majani makavu na kupikwa kwa mchuzi wa soya hadi iwe nyekundu. Vyungu vyake viko katika kila mlango wa Beidajie, na wali mnato unaofungwa ndani ya majani mara nyingi hutiwa nyama hiyohiyo. Faida ya kuwa na mwongozaji wenu peke yenu ilionekana hapo. Aliuliza katika kila duka kabla hatujagusa kitu, akakataa mara mbili kwa niaba yetu kwa kuwa mafuta yaliyotumika yalikuwa ya nguruwe, na mwishowe akatupatia maharage mabichi ya kijani yaliyokaushwa kwa moshi, ambayo ni zao la hapa, pamoja na mizizi ya yungiyungi iliyojazwa wali mnato na kumiminiwa asali yenye maua ya osmanthus. Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, na maua hayo yalikuwa bado juu ya miti, kwa hiyo tulikula ladha ambayo tulikuwa tukiinusa tangu asubuhi. Shangazi alinunua maharage ya kutosha kugawia mtaa mzima.

Posta ya enzi ya Qing iko karibu na mfereji, ghorofa mbili za matofali, ikiwa na sanduku la barua lenye joka mlangoni. Ni mojawapo ya posta za kwanza za eneo la Shanghai, na ndiyo pekee ya wakati wake iliyobaki katika sehemu hizi. Barua nazo zilifika kwa mashua. Mwongozaji alitupeleka nyuma kuonyesha ngazi ambako mifuko ilipakiwa, kisha tukapanda juu kuona barua, mihuri na kadi za zamani. Wageni wengi hupiga picha ya sanduku na kuondoka. Mimi ningemshauri mtu akae robo saa, kwa sababu posta katika mji mdogo kama huu inaonyesha ni mawasiliano mangapi ya biashara yaliyopita hapa. Mwenye ghala wa mpunga alihitaji kujua bei ya Suzhou na Shanghai kabla mashua yake haijaondoka.

Sehemu ya mwisho ilikuwa bustani ya Kezhi, upande wa kaskazini wa mji, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1912 kwa amri ya tajiri aitwaye Ma Wenqing na kuchukua takriban miaka 15. Ni kubwa, zaidi ya hekta 6, na ina mnara wa kutazamia mwezi, maktaba, mabwawa, miamba bandia na vijia vinavyozunguka. Kilichonivutia ni nia ya mwenyewe: alitaka mahali pa kusoma na kulima pamoja, na karibu na vyumba vya vitabu aliweka sehemu ya mashamba. Sina hakika kama tajiri huyo alishika jembe kwa mikono yake. Hata hivyo, katika eneo lililotajirika kwa mpunga, naona ni jambo la heshima kwamba mpunga uliruhusiwa kuingia ndani ya bustani, mahali ambapo matajiri wengine waliruhusu maua peke yake.

Hadi kufikia saa tano mabasi yalikuwa yamefika. Beidajie, ambayo tuliipita kwa nafasi, ilijaa kiasi kwamba watu walitembea bega kwa bega, na juu ya daraja la Fangsheng hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Tulipita njia ya nyuma, kando ya hekalu la Yuanjin, lililoanzishwa katika enzi ya Yuan mwaka 1341, na saa sita kasoro tulikuwa ndani ya gari. Shangazi alimpa mwongozaji khanga aliyokuwa ameiweka kwenye mkoba tangu Tanga, akamfunga mwenyewe mabegani, akamwambia, “Binti, ahsante kwa subira yako.” Kuingia mjini Zhujiajiao ni bure, na kinacholipiwa ni bustani, mahekalu na mashua. Kama tungekuja peke yetu kwa treni tungetumia sehemu ndogo tu ya fedha tulizolipa. Naamini pia kwamba tungeona sehemu ndogo tu ya mji.

Ijumaa: Tongli

Leo tulijaribu kufanya bila mwongozaji. Treni ya mwendo kasi kutoka Hongqiao hadi Suzhou huchukua takriban nusu saa, na njia ya 4 ya treni ya mjini Suzhou huishia kituo cha Tongli, ambako tulichukua teksi hadi mji wa kale. Tongli ni mpana na mtulivu kuliko Zhujiajiao. Mifereji imeugawa katika visiwa vidogo vinavyounganishwa na madaraja mengi, na miti imeinamia maji karibu kila mahali.

Tulikuja hasa kwa ajili ya bustani ya Tuisi. Ilijengwa kati ya 1885 na 1887 na ofisa wa serikali aitwaye Ren Lansheng, aliyeshtakiwa, akavuliwa madaraka na kurejea nyumbani. Mchoraji Yuan Long ndiye aliyeisanifu. Mwaka 2000 iliongezwa kwenye bustani za kale za Suzhou zilizoingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 1997. Eneo lake ni dogo sana ukilinganisha na lile la Kezhi, hata hekta moja halifiki, lakini majengo yamesogezwa karibu na bwawa kiasi kwamba ukikaa katika mojawapo unahisi uko juu ya maji. Hata chumba kimoja kimejengwa kwa umbo la mashua, kwa mawe. Kwa maoni yangu ndiyo bustani bora kati ya hizo mbili. Kezhi inakuonyesha mtu aliyekuwa na kila kitu, na Tuisi inakuonyesha mtu aliyepoteza cheo, akatafuta namna ya kuishi vizuri katika nafasi aliyobakiwa nayo.

Kando ya bustani kuna madaraja matatu yaliyokaribiana, Taiping, Jili na Changqing, ambayo maharusi wa Tongli huyavuka yote kwa mfululizo ili waombewe amani, bahati njema na furaha ya kudumu. Tulimkuta bibi harusi katika vazi jekundu akisubiri mpigapicha apange taa zake. Shangazi alitaka kuyavuka pia, na goti lilimruhusu kwa sababu ni madogo.

Niliwaza sana jioni ya leo kuhusu sababu ya miji hii kubaki. Reli ya Shanghai hadi Nanjing ilipokamilika mwaka 1908, na ile ya Hangzhou mwaka uliofuata, mizigo ilianza kuhamia kwenye vituo vya reli, na baadaye barabara za lami zikamaliza kazi hiyo. Miji iliyokuwa pembeni ikabaki na nyumba zake kwa kuwa hapakuwa na fedha za kuzibomoa. Hatari ilikuja katika miaka ya 1980, wakati kila mji ulipotaka kiwanda na barabara pana. Profesa Ruan Yisan wa Chuo Kikuu cha Tongji, Shanghai, ndiye aliyezunguka na wanafunzi wake akichora mipango ya kuihifadhi miji kama Zhouzhuang na Tongli, huku baadhi ya viongozi wa mahali wakimwona kama mtu anayezuia maendeleo. Leo wageni wanaoijaza miji hiyo ndio wanaoilisha. Natamani wenye dhamana na miji yetu ya kale, kuanzia Pangani hadi Lamu, wangekaa naye au na wanafunzi wake wiki moja tu, wakiwa na ramani mezani.

Jumamosi: Suzhou na Mfereji Mkuu

Asubuhi tuliona lango la Panmen, ambalo lina milango miwili pamoja, mmoja wa nchi kavu na mmoja wa maji, ili ngome izuie jeshi la miguu na la mashua kwa wakati mmoja. Kisha tukaenda daraja la Baodai, kusini mwa jiji, ambalo Shangazi alilipenda kuliko yote. Lina matao 53 na urefu wa mita 316.8. Lilijengwa mara ya kwanza katika karne ya 9, wakati gavana Wang Zhongshu alipotoa mkanda wake wa thamani uuzwe ili kusaidia gharama, na hili tunaloliona ni la karne ya 15. Limelala chini karibu na maji, wala halikupandishwa juu kama lile la Fangsheng, isipokuwa matao matatu yaliyoinuliwa kupitisha mashua. Sababu ni watu waliovuta mashua kwa kamba wakitembea ukingoni. Wangepanda na kushuka daraja lililoinuka wakiwa na kamba begani, kamba zingelegea na mashua zingepoteza mwendo. Walihitaji njia tambarare juu ya mdomo wa ziwa, wakajengewa.

Pembeni yake unapita Mfereji Mkuu, unaounganisha Beijing na Hangzhou kwa takriban kilomita 1,794, ambao sehemu zake kubwa ziliunganishwa mwanzoni mwa karne ya 7 katika enzi ya Sui, na ambao uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014. Mfereji huu bado unafanya kazi. Matishari yalipita mfululizo, moja nyuma ya jingine, yakiwa yamezama hadi karibu na ukingo kwa uzito wa mchanga na makaa, na katika moja kulikuwa na nguo zilizoanikwa na mtoto aliyefungwa kamba kiunoni asianguke. Shangazi alihesabu tani kwa macho, kama anavyofanya bandarini Dar es Salaam.

Huku maji ya eneo hili yanakoishia, katika mji wa Taicang ulio chini ya Suzhou, ndiko ilipokuwa bandari ya Liujiagang, ambako meli za Zheng He, amiri wa bahari wa China, zilikusanyika kabla ya kuanza safari zake kati ya 1405 na 1433. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea Yongle, mfalme wa China, twiga, na safari iliyofuata ya Zheng He iliwarudisha wajumbe makwao na kufika pwani yetu. Huenda mpunga wa mifereji kama hii ndio uliolisha mabaharia hao. Nilipomwambia Shangazi, aliuliza tu kama twiga alifika mzima. Alifika.

Kwa anayepanga safari kama hii, maoni yangu ni haya. Mwenye nusu siku tu na aende Zhujiajiao kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, siku isiyo ya wikendi, na alipie mwongozaji kama ana mzee, mtoto au masharti ya chakula. Mwenye siku mbili na alale Tongli, kwa sababu watalii wengi huondoka jioni. Malipo karibu yote hufanywa kwa simu, na kadi za benki za kigeni sasa zinaweza kuunganishwa na programu za malipo za Alipay au WeChat, jambo ambalo ni vema kulimaliza kabla ya kupanda ndege. Ndege yetu ni kesho saa nne usiku, na Shangazi ameuliza kama asubuhi tunaweza kupita tena kwenye lile duka la maharage.